MO AMIN: DOGO WA DAR ALIYEANZA NA KAMERA KUUKUU

Kuna msomaji ameniandikia akiuliza, kijana aliyemaliza form four, hana chuo cha filamu wala mjomba kwenye televisheni, anaanzaje kazi ya kamera na kuediti? Badala ya kumjibu kwa nadharia nimeona nimsimulie habari za Mohamed Amin, maarufu kama Mo. Wengi mmemsikia kwa ajili ya njaa ya Ethiopia tu, ila mimi naona utamu wa habari yake uko mwanzoni, kabla dunia haijamjua. (Na msimchanganye na Idi Amin wa Uganda jamani, hawakuwa ndugu!)

Mo alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Mzee wake alikuwa mtu wa reli mwenye asili ya Punjab, na kazi ya reli ndiyo iliyoihamishia familia huku kwetu Dar es Salaam. Hapa Dar ndipo dogo alipopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwishatumika na mtu mwingine, akiwa na miaka 11 hivi. Hiyo Brownie ni kiboksi tu, unabonyeza basi. Lakini Mo akajiunga na kikundi cha picha shuleni, akajifunza kusafisha na kuchapa picha mwenyewe gizani, na akiwa bado mwanafunzi alikuwa anapiga picha za mashindano ya magari ya Safari na kuwauzia wenye magazeti.

Hapo ndipo nawaomba mtulie kidogo. Dogo hakusubiri kuajiriwa. Alikuwa na kitu ambacho gazeti linakihitaji leo, si kesho, akakipeleka mwenyewe kwa miguu yake. Mwaka 1963 akafungua kampuni yake hapa hapa Dar, akaiita Camerapix. Alikuwa na miaka kama ishirini. Jina la kampuni ni kubwa, lakini kampuni yenyewe ilikuwa ni yeye na kamera zake.

Sasa tuzungumze kazi yenyewe, maana vijana wa leo na simu zetu tunaweza kudhani ilikuwa mchezo. Kamera iliyokuwa mikononi mwa wapiga picha wengi wa habari miaka ile ni Bolex ya milimita 16. Haina betri, unaizungusha ufunguo kama saa ya mezani, na ukishazungusha inakwenda chini ya nusu dakika halafu inasimama, uzungushe tena. Filamu yake ya futi 100 inakupa dakika mbili na sekunde arobaini na kitu, basi, imekwisha, badilisha nyingine. Na filamu ni hela. Huwezi kuwasha kamera ukaiacha inatembea huku unachati na watu.

Kwa hiyo mpiga picha alilazimika kuwa mhariri kichwani kabla hajabonyeza. Piga picha pana ionyeshe mahali. Sogea, piga watu. Sogea tena, piga uso au mkono. Halafu piga kitu cha pembeni, labda mtoto anayetazama au buti la askari, kitakachomsaidia anayekata kuruka kutoka tukio moja kwenda jingine bila mtazamaji kushtuka. Kwa sababu anayekata yuko London, hajawahi kufika Dar, hajui Mnazi Mmoja ni mtaa au ni mti! Filamu ilikuwa inasafirishwa kwa ndege bila hata kusafishwa, na ndani ya mfuko kuna karatasi: picha ya kwanza ni nini, ya pili ni nini, huyu ni waziri gani, lini na wapi. Karatasi ikiwa mbovu, mzigo wako unatupwa hata kama picha ni kali. Kituo cha setilaiti cha Longonot, Kenya, kilifunguliwa 1970 tu, kwa hiyo kabla ya hapo ukikosa ndege umekosa habari.

Ndiyo maana nasema Mo alikuwa fundi wa ndege kuliko wa lenzi. Wapo waliopiga picha nzuri zaidi yake, lakini yeye picha zake zilifika. Januari 1964 mambo yalipolipuka, mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 na wiki moja baadaye maasi ya wanajeshi wa Tanganyika katika kambi ya Colito (leo Lugalo), wakubwa wa habari wa Ulaya na Marekani walikuwa mbali. Kijana wa miaka 20 alikuwa jirani kabisa. Picha zake za Zanzibar zikauzwa nje, jina likaanza kufahamika kwa mashirika.

Lakini kazi hii ina bei yake. Mwaka 1966 alipiga picha za wakufunzi wa kijeshi wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki huko Zanzibar, kitu ambacho wakubwa hawakutaka kionekane. Zikaonyeshwa ng'ambo. Akakamatwa, akatupwa jela ya Kiinua Miguu karibu wiki nne, na alipotoka akafukuzwa nchini. Hebu fikirini: huna mwajiri, huna mwanasheria wa shirika wa kukutoa, na mji uliojengea jina lako hauruhusiwi tena kukaa. Akahamia Nairobi akaanza upya, akiuza picha kwa Visnews ya London, shirika lililosambaza habari za televisheni duniani. Baadaye ndiye akawa mkuu wao wa Afrika.

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi, mbele ya duka la dawa. Mo alifika haraka kuliko wote, akaingia mpaka ndani ya gari la wagonjwa akiendelea kupiga. Picha hizo zilimpa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni Uingereza mwaka huo. Mimi binafsi sehemu hii inanipa taabu. Mtu anakata roho, wewe umeshika kamera. Najua bila zile picha historia ya Kenya ingekosa ushahidi, lakini bado inanipa taabu, na sitajifanya kuwa nimepata jibu.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni akili ya biashara, na hapa wanangu wa edit fungueni masikio. Safari moja Mo aliiuza mara tatu, mara nne. Picha zinazotembea zinakwenda televisheni, picha za mnato zinakwenda magazetini, halafu baadaye zinakuwa kitabu. Alihiji na kamera, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha picha za hija ya Makka. Kisha pamoja na mpiga picha Duncan Willetts wakatoa vitabu vya safari, cha Kenya 1982 wakiwa na mwandishi Brian Tetley, cha Tanzania baada ya hapo. (Ndiyo, Tanzania ile ile iliyomtimua.) Na stoo ya picha ikabaki mali ya Camerapix, hata baada ya yeye kufa kampuni iliendelea kuziuza.

Linganisheni na sisi. Mimi kuna studio moja ilinichukua kama kibarua, nikabeba taa, nikashika kamera ya pili, nikakata harusi nzima usiku kucha mpaka adhana ya alfajiri. Malipo nikaambiwa ningoje bwana harusi amalizie deni. Picha nikaziacha kwenye kompyuta yao, jina langu halipo popote, na vipande vyangu wakavitumia kwenye tangazo lao. Senti tano sijaiona. Ukimaliza kazi bila nakala na bila karatasi ya makubaliano, umefanya kazi ya nani?

Haya, Ethiopia. Oktoba 1984 Mo na mtangazaji wa BBC Michael Buerk walifika kaskazini, Korem na Mekelle. Njaa ilikuwepo muda mrefu, na vibali vya kwenda huko vilikuwa vigumu kupatikana. Kuhangaikia vibali, kujua nani wa kuongea naye na ndege gani ina nafasi, ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya tangu yuko Dar. BBC ilionyesha habari ile tarehe 23 Oktoba 1984, kama dakika saba hivi, kisha vituo zaidi ya 400 duniani vikairusha. Ukiitazama utaona kamera haina haraka. Inatembea polepole juu ya watu waliolala ukungu wa alfajiri, inakaa, inakutazamisha. Yule yule wa dakika mbili na nusu za Bolex, sasa ana mkanda wa kutosha na anajua pa kuutumia. Ndizo picha zilizozaa wimbo wa Band Aid Desemba ile na tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985.

Miaka saba baadaye Ethiopia hiyo hiyo ikamdhuru. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa pale pale. Nalitaja jina hili makusudi, kwa sababu anayebeba maiki husahauliwa. Mwenye kamera anapata tuzo na vitabu, mwenye sauti anatajwa mstari mmoja. Kwenye kazi hizi wengi wetu tutaanza kama Mathai, si kama Mo, kwa hiyo ukiitwa eneo la hatari uliza kwanza: nikiumia nani analipa hospitali, na nyumbani wataachiwa nini? Kama hakuna jibu, usione aibu kukataa.

Mo aliwekewa mkono wa bandia wa umeme huko Marekani, akarudi kupiga picha. Alikuwa mtu wa kazi mpaka kupitiliza. Mtoto wake Salim ameshiriki kutengeneza filamu ya Mo & Me, iliyotoka 2006, na humo baba ni shujaa ambaye nyumbani alikuwa adimu kuonekana.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian kutoka Addis kurudi Nairobi, yeye na rafiki yake Tetley. Watekaji watatu wakataka ndege iende Australia. Rubani aliwaeleza kuwa mafuta hayatoshi, hawakusikia. Yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, Mo na Tetley wakiwemo. Inasimuliwa kuwa dakika za mwisho alikuwa amesimama, akibishana na watekaji. Alikuwa na miaka 53. Baadaye Nairobi ikaanzishwa taasisi yenye jina lake, ikafundisha vijana kamera na kukata picha.

Wadau mlio kwenye fani, naomba tujadili hapo chini: mnalipwa kwa siku au kwa kazi? Na ukishakata picha, nakala unabaki nayo wewe au anaondoka nayo bosi?