Karani wa Bandari ya Madras

Twasikia mara kwa mara watu wakinena kwamba mtoto huzaliwa akipenda hesabu au akizichukia, na kwamba shule haina la kufanya. Sisi hatukubaliani nao. Na watazame maisha ya Srinivasa Ramanujan.

Alizaliwa Erode, kusini mwa India, tarehe 22 Desemba, 1887, akakulia Kumbakonam, ambako baba yake alikuwa karani katika duka la nguo. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza. Katika shule ya mji huo walimu walimsifu na kumtuza, na shauku yake ikazidi. Yapata mwaka 1903 alipata kitabu cha Mwingereza G. S. Carr, chenye maelfu ya kanuni zilizoorodheshwa karibu bila maelezo. Kijana akaanza kuzithibitisha mwenyewe, moja baada ya moja.

Mwaka 1904 aliingia chuo cha serikali kwa msaada wa fedha za masomo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Moyo wake wote ulikuwa katika hesabu, lakini chuo kilidai pia Kiingereza, historia na elimu ya mwili. Akaanguka, akanyang'anywa msaada, akatoroka kwao. Alijaribu tena Madras, akaanguka mwaka 1906 na 1907. Hatusemi kwamba masomo hayo mengine ni kazi bure. Hata mwanahesabu apaswa kujua historia. Lakini mtihani ule, kwa maoni yetu, ulitafuta watumishi wa watawala wenye kujua lugha ya watawala. Aliyezidi wote katika jambo moja hakuwa na mlango.

Akabaki na njaa na kibao chake. Karatasi ilikuwa ghali, basi alikokotoa kwa chaki, akafuta kwa kiwiko, na daftarini akaandika jibu peke yake.

Wa kwanza kumpokea walikuwa Wahindi wenzake. Mwaka 1907 V. Ramaswami Aiyer alianzisha chama cha wapenda hesabu wa India, na mwaka 1911 jarida la chama hicho likachapisha kazi ya kijana huyu asiye na cheti. Machi 1912 akaajiriwa ukarani katika bandari ya Madras kwa rupia 30 kwa mwezi. Wenzetu wa bandarini watapenda kujua kwamba mkubwa wake ofisini, Narayana Iyer, naye mwanachama, alikuwa akikaa naye jioni wakipitia hesabu pamoja.

Januari 1913 alimwandikia barua G. H. Hardy wa Cambridge, naye akatambua mara moja uzito wa kazi ile. Ndipo Chuo Kikuu cha Madras kikampa rupia 75 kwa mwezi. Machi 1914 alipanda meli kwenda Uingereza, na mwaka 1918 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Maradhi yalimrudisha kwao mwaka 1919. Alifariki tarehe 26 Aprili, 1920, mwenye umri wa miaka 32, akiwa ameendelea kuandika hesabu kitandani. Ule mtihani wa Madras hakuufaulu kamwe.