Cherry Kearton: Askari Aliyewinda kwa Kamera

Askari yeyote aliyepata kukesha lindoni kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kibenga, kusini ya Bujumbura, anamfahamu kiboko. Giza likiingia mnyama huyo hutoka majini kwenda kula majani, na kabla ya mapambazuko hurudi ziwani. Aghalabu hana haja na mtu aliyetulia mbali naye. Mwenye hatari ni yule anayemkatia njia ya kurudi majini. Maarifa ya namna hii, yaani kumjua mnyama kwa kumtazama na si kwa kumwua, ndiyo yaliyomtukuza Mwingereza mmoja ambaye baadaye alivaa sare na kupigana vita katika Afrika ya Mashariki. Jina lake ni Cherry Kearton.

Kearton alizaliwa tarehe 8 Julai 1871 katika kijiji cha Thwaite, kwenye bonde la Swaledale, jimbo la Yorkshire. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Livingstone na Stanley walifika Mugere, hapa kwetu. Na jiwe lenye majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871 lingali limesimama huko, mwendo mfupi kusini ya Kibenga.

Thwaite ni kijiji cha nyumba za mawe, na watu wake walikuwa wafugaji wa kondoo. Cherry alimfuata nduguye mkubwa, Richard, katika kutafuta viota vya ndege mabondeni na milimani. Richard alikuwa kilema, kwa kuwa utotoni alianguka alipokuwa akipanda kutafuta kiota, na mguu wake haukupona sawasawa. Hata hivyo hakuuacha upenzi wake. Ndugu hao wawili walikwenda London kufanya kazi katika kampuni ya kuchapa vitabu, na saa za mapumziko walirudi mashambani. Mwezi wa Aprili 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1895, Richard alitoa kitabu juu ya viota vya ndege wa Uingereza, naye Cherry akakipamba kwa picha alizozipiga porini penyewe. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake.

Tusidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku mazito ya mbao, na kila picha ilihitaji bamba lake la kioo. Hapakuwa na lenzi ya kuvuta mbali kama za leo. Ilimpasa mpiga picha amkaribie ndege, naye ndege humkimbia binadamu. Ndipo ndugu hao walipobuni mbinu ambazo askari atazitambua mara moja. Walijenga kibanda mfano wa gogo la mti. Mwaka 1900 walichukua ngozi ya ng'ombe, wakaitandaza juu ya kiunzi cha mbao, wakamweka ng'ombe huyo wa bandia malishoni, na mmoja wao akaingia tumboni pamoja na kamera. Humo alikaa ameinama, katika joto, bila kukohoa wala kujikuna. Penye magenge ya bahari, waliteremshana kwa kamba.

Hawakupiga picha za ndege peke yao. Mwaka 1896 walivuka bahari hadi kisiwa cha St Kilda, magharibi ya Scotland, wakapiga picha za wakazi wake waliokuwa wakiishi kwa kuwinda ndege wa baharini. Mwaka 1930 wakazi wote waliobaki walihamishwa, na nyumba nyingi zikabaki magofu. Mtu akitaka leo kujua jinsi maisha yalivyokuwa pale, picha za akina Kearton ni mojawapo ya mashahidi wake.

Mwaka 1909 Kearton alikuwa Kenya na kamera ya sinema. Wakati huo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alikuwa akiwinda huko pamoja na mwanawe. Wawili hao waliua wanyama 512, wengi wao kwa ajili ya makumbusho. Kearton alimpiga picha za sinema. Mwaka 1910 alifuatana na Mmarekani aliyeitwa Buffalo Jones, ambaye alinasa wanyama wakali kwa kamba, bila bunduki. Mwaka 1913 alianza safari na mwandishi James Barnes kutoka Kenya, kupitia Uganda na misitu ya Kongo, hata wakaifikia bahari ya Atlantiki.

Kisha ilikuja Vita Kuu ya Kwanza. Kearton alijiunga na batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, iliyoteremka Mombasa mwezi wa Mei 1915 kupigana na Wajerumani, ambao siku hizo walitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Katika batalioni hiyo alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous. Yeye aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Selous alipata jina kwa bunduki, Kearton kwa kamera. Bali vitani walikuwa chini ya bendera moja.

Baada ya vita Kearton aliendelea kuandika vitabu na kutengeneza sinema. Alifariki London tarehe 27 Septemba 1940, muda mfupi baada ya kutoka katika jumba la redio alikozungumza na watoto, mwezi ambao mji huo ulikuwa ukipigwa mabomu.

Yapo ya kumlaumu. Alimchukua sokwe mchanga aitwaye Toto, akamtoa Afrika na kumpeleka London. Na simba aliyenaswa katika safari ya Jones aliishia kizuizini New York. Kumpenda mnyama si lazima kuwe kumheshimu. Walakini alithibitisha jambo moja: kwamba anayengoja kwa subira hupata zaidi ya anayefyatua risasi, maana picha yake hubaki na mnyama hubaki.

Jambo hili latuhusu sisi. Burundi haina tena tembo wa porini. Viboko na ndege wa delta ya Rusizi wangalipo, na Hifadhi ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, ingali na nyati. Mwenye silaha ndiye awezaye kuwalinda, na ndiye awezaye kuwamaliza kwa usiku mmoja. Vivyo hivyo jiwe la Mugere: halina mlango wala kufuli, linalindwa na heshima ya wapitao. Kutulia, kujificha, kutazama na kutopoteza risasi ni mafunzo ya kwanza ya askari. Kearton aliyatumia yote kabla hajavaa sare, na hakuna kiumbe aliyekufa kwa sababu yake alipokuwa amejificha tumboni mwa ng'ombe wa bandia.