Samori Toure: Mtawala aliyewapa wahunzi kazi ya kuunda bunduki

MAJESHI ya Ufaransa yalipoanza kusonga mbele kutoka Senegal kuelekea bonde la mto Niger mwanzoni mwa miaka ya 1880, makamanda wake walitarajia kukutana na watu wenye magobore na mikuki. Katika nchi ya Wamandinka walimkuta mtu wa aina nyingine. Alikuwa Samori Toure, ambaye aliwazuia kwa miaka 16. Mbali na bunduki alizonunua, alitegemea pia zile ambazo wahunzi wake walizifua kwa nyundo na kuzichonga kwa tupa katika karakana za vijijini.

Samori alizaliwa mnamo mwaka 1830 katika kijiji cha Manyambaladugu, kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Guinea. Hakuwa mtoto wa mfalme. Baba yake, Lanfia Toure, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kidyula, na Samori mwenyewe katika ujana wake alitembea masokoni akiuza bidhaa. Biashara ilimfundisha njia, bei na lugha za watu, elimu iliyomfaa sana baadaye.

Maisha yake yalibadilika katikati ya karne hiyo, pale mama yake, Sokhona Camara, alipotekwa na watu wa ukoo wa Cisse uliokuwa ukitawala eneo hilo. Ili kumkomboa, kijana huyo alijitoa kuwatumikia watekaji kama askari. Masimulizi ya Wamandinka yanasema utumishi huo ulidumu miaka saba, miezi saba na siku saba. Huko ndiko alikojifunza vita, na alipoondoka na mama yake alikuwa tayari anajua kushika silaha na kuongoza watu.

Kuanzia mwaka 1861 alianza kukusanya wapiganaji wake mwenyewe, na kufikia mwaka 1878 alikuwa amejitangaza mtawala, makao yake yakiwa Bissandougou. Dola yake, iliyojulikana kwa jina la Wassoulou, ilienea hadi mashamba ya dhahabu ya Boure. Mwaka 1884 alichukua cheo cha Almami, yaani kiongozi wa waumini.

Mapambano ya kwanza na Wafaransa yalitokea mwaka 1882 katika eneo la Keniera. Samori aliona waziwazi kilichowapa wageni nguvu. Bunduki zao zilipakiwa kwa nyuma, zilipiga mbali na kwa haraka, wakati mwenye gobore alilazimika kusimama na kushindilia baruti mdomoni mwa kasiba baada ya kila mlio. Mtu aliyesimama kushindilia baruti mbele ya askari wa namna hiyo alikuwa amekwisha kufa.

Njia ya kwanza aliyoichagua ilikuwa ununuzi. Misafara yake ilikwenda Freetown, katika koloni la Waingereza la Sierra Leone, ikibeba dhahabu na pembe za ndovu, na kurudi na bunduki za kisasa. Upande wa kaskazini alinunua farasi, na malipo yake mara nyingi yalikuwa binadamu. Hili halipaswi kufunikwa kwa sifa zake nyingine: maelfu ya mateka wa vita vyake waliuzwa utumwani ili jeshi lipate vifaa.

Njia ya pili ndiyo iliyowashangaza maofisa wa Kifaransa. Miongoni mwa Wamandinka, wahunzi, waitwao numu, ni tabaka la watu wanaorithishana kazi kutoka baba hadi mwana. Kwa vizazi vingi waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo, wakatengeneza majembe, visu na mapanga, na kukarabati magobore ya wawindaji. Samori aliwakusanya kwa mamia, akawapa ulinzi na chakula, akawakabidhi bunduki za Kizungu wazifungue kipande kwa kipande. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alikaa kwa miezi kadhaa katika ghala la silaha la Wafaransa huko Saint-Louis, Senegal, akifanya kazi huku akitazama kwa makini, kisha akarudi kwao na ujuzi.

Aina walizozipendelea ni Gras na Kropatschek, zote zilizotumiwa na askari wa Ufaransa. Ya pili ilikuwa na bomba chini ya kasiba lililobeba risasi saba, hivyo ilimwezesha askari kufyatua mara kadhaa kabla ya kupakia tena. Zote mbili zilitumia risasi ya aina moja, jambo lililokuwa na manufaa makubwa kwa jeshi lisilo na kiwanda. Wahunzi hao hawakuwa na mashine. Kila kipande kilifuliwa juu ya fuawe, kikalinganishwa kwa jicho na kile cha asili na kusuguliwa kwa tupa mpaka kikae mahali pake. Kipande kilichofanywa kwa mkono hivyo huingia katika bunduki yake, lakini si lazima kiingie katika ya jirani. Zilipoharibika vitani, bunduki hizo zililazimika kurudi kwa fundi.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika risasi. Maganda ya shaba nyeupe yaliokotwa baada ya mapigano na kujazwa upya, na baruti ilitengenezwa kienyeji, lakini nguvu yake haikufikia ile ya viwandani Ulaya. Hapo ndipo ustadi wa numu ulipofikia mwisho wake. Chuma walikijua tangu utotoni. Kemia ya fataki ilikuwa kazi ya viwanda ambavyo Afrika Magharibi haikuwa navyo.

Kwa muda Samori alijaribu pia diplomasia. Alitia saini mikataba na Wafaransa mwaka 1886 na 1887, na mwanawe, Karamoko, alipelekwa kutembelea Ufaransa, ambako alionyeshwa majeshi na zana zao. Katika kipindi hichohicho Almami alifanya kosa lililomgharimu sana: aliuzingira mji wa Sikasso tangu mwaka 1887 hadi 1888 bila kuuteka. Alipoteza askari na ndugu zake, na raia waliochoshwa na kudaiwa chakula na wapagazi wakaasi.

Vita na Ufaransa vilirejea kwa nguvu mwaka 1891, pale Kanali Archinard alipoiteka Kankan. Mwaka uliofuata Bissandougou nayo ilianguka, ingawa askari wa Samori, walioitwa sofa, walipigana kwa ukali ambao Wafaransa hawakuutarajia. Wakati huo Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umepiga marufuku uuzaji wa silaha za kisasa kwa Waafrika katika ukanda mpana kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, Pwani yetu ikiwemo. Mwaka 1893 Wafaransa waliikata kabisa njia ya kwenda Freetown. Tangu hapo karakana za numu zikawa tegemeo lake kuu.

Almami alihama na dola yake nzima kuelekea mashariki, akiziteketeza nchi alizoziacha nyuma ili adui asikute chakula. Wahunzi walihama pamoja naye, na karakana zikaanza upya Dabakala, katika Côte d'Ivoire ya leo. Watu wa huko walimwona kama mvamizi mwingine. Mwaka 1897 jeshi lake liliubomoa Kong, mji mashuhuri wa wanazuoni wa Kiislamu. Karamoko naye, aliyerudi kutoka Ufaransa akiamini kwamba vita haviwezi kushindwa, alikuwa ameshauawa mwaka 1894 kwa amri ya baba yake: alifungiwa ndani ya chumba na kuachwa afe kwa njaa.

Sikasso ilipoangukia mikononi mwa Wafaransa Mei 1898, Samori alibanwa pande zote. Alijaribu kurudi magharibi kupitia milima yenye misitu, na njaa ikawaua wafuasi wake kwa wingi kuliko risasi. Asubuhi ya Septemba 29, 1898, kikosi cha Kapteni Gouraud kilimkamata kambini kwake Guelemou. Alipelekwa uhamishoni Gabon, akafariki huko Juni 2, 1900.

Mwaka 1968 mabaki yake yalirudishwa Guinea, wakati nchi hiyo ikiongozwa na Rais Ahmed Sekou Toure, aliyejitaja kuwa wa uzao wake, na kuzikwa upya katika mji mkuu, Conakry.