Robert Hooke: Mgunduzi aliyeificha kanuni yake ndani ya herufi 14

Na Mwandishi Wetu

MAMA anapompeleka mwanawe kliniki, mtoto huvikwa mfuko wa kitambaa na kuning'inizwa kwenye mizani iliyofungwa juu ya boriti. Mshale huzunguka, muuguzi husoma kilo na kujaza kadi, kisha mtoto hushushwa na mshale hurudi kwenye sifuri.

Kinachofanya kazi ndani ya mizani hiyo ni springi ya chuma. Mtoto wa kilo nane huivuta springi hiyo mara mbili ya mtoto wa kilo nne, na ndiyo maana alama za mizani zimepangwa kwa nafasi zilizo sawa.

Mtu aliyeutangazia ulimwengu kanuni hiyo ni Robert Hooke, Mwingereza aliyefariki dunia Machi 3, 1703. Jina lake hutajwa katika madarasa ya fizikia kote duniani, lakini hakuna picha yake hata moja ambayo wataalamu wote wamekubaliana kuwa ni yake.

Hooke alizaliwa Julai 18, 1635 katika kijiji cha Freshwater, Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake, John Hooke, alikuwa kasisi katika kanisa la kijiji hicho.

Alikuwa mtoto dhaifu, na wazazi wake hawakuwa na matumaini makubwa kwamba angekua. Maumivu ya kichwa yalimzuia kusoma kama wenzake, hivyo alibaki nyumbani akichezea vyombo na mashine. Siku moja aliona saa ya shaba ikiwa imefunguliwa, akaichunguza, kisha akaunda ya kwake kwa mbao, nayo ikafanya kazi.

Mwaka 1648 baba yake alifariki dunia, Robert akiwa na umri wa miaka 13. Urithi aliomwachia ulikuwa pauni 40. Kijana huyo alikwenda London na kujaribu kujifunza uchoraji kwa Peter Lely, mchoraji mashuhuri wa enzi hizo, lakini harufu ya rangi ilimzidishia maumivu ya kichwa. Akajiunga na Shule ya Westminster chini ya mwalimu mkuu Richard Busby.

Ni katika miaka hiyo ya ujana ambapo mgongo wake ulianza kupinda. Mwenyewe aliamini kuwa kilichomponza ni kuinama muda mrefu kwenye mashine ya kukereza mbao. Aliishi na kibyongo hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1653 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, akisoma huku akiwatumikia waliomzidi uwezo. Huko alikutana na Robert Boyle, tajiri mwenye kiu ya sayansi, aliyemwajiri kuwa msaidizi wake. Hooke ndiye aliyeunda pampu ya hewa iliyomwezesha Boyle kufanya majaribio yake. Kanuni ya mgandamizo wa gesi iliyochapishwa mwaka 1662 inaitwa Kanuni ya Boyle hadi leo, ingawa mtu aliyeijenga pampu hiyo alikuwa kijana huyu aliyelipwa mshahara.

Novemba 1662 Jumuiya ya Kifalme ya London, iliyoanzishwa miaka miwili kabla, ilimteua kuwa msimamizi wa majaribio. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wanachama majaribio matatu au manne kila walipokutana kwa wiki. Wanachama wengi walikuwa waungwana wenye mali zao. Hooke alikuwa miongoni mwa wachache walioitegemea sayansi kwa riziki.

Mwaka 1665 alipewa nafasi ya uprofesa wa jiometri katika Chuo cha Gresham, akapata makazi humo na kuishi hapo hadi kufa. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha Micrographia, chenye michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Wasomaji walishangaa kumwona kiroboto akiwa mkubwa kuliko kiganja cha mkono. Vyumba vidogo alivyoviona katika kipande cha gamba la mti alivipa jina ambalo biolojia inalitumia hadi sasa, yaani seli.

Mwaka uliofuata, Septemba 1666, moto uliteketeza sehemu kubwa ya London. Nyumba zaidi ya 13,000 na makanisa 87 yaliungua. Halmashauri ya jiji ilimteua Hooke kuwa mmoja wa wapimaji wake, akazunguka kwenye majivu akipima viwanja na kuamua migogoro ya mipaka. Pamoja na rafiki yake, msanifu Christopher Wren, alisanifu mnara wa kumbukumbu ya moto huo, wenye urefu wa takriban meta 61, ambao bado umesimama.

Kwa wakati wote huo, jambo moja halikumtoka akilini: springi. Mabaharia wa karne hiyo hawakuwa na saa ya kuaminika. Saa ya pendulumu huchafukiwa na mawimbi, hivyo chombo hakiwezi kujua kwa uhakika kiko umbali gani mashariki au magharibi. Hooke aliona kuwa springi ndogo iliyofungwa kwenye gurudumu la saa ingeweza kuchukua nafasi ya pendulumu, na aliyefanikiwa katika hilo angetajirika.

Kwa madai yake mwenyewe, aliitambua kanuni ya springi mnamo mwaka 1660. Lakini hakuitangaza. Alihofia kwamba angeisema, mwingine angeichukua na kuvuna mali na sifa.

Mwaka 1675 kile alichokiogopa kikatokea, au ndivyo alivyoamini. Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza saa iliyoendeshwa kwa springi ya namna hiyo. Hooke alikasirika, akamtuhumu katibu wa Jumuiya ya Kifalme, Henry Oldenburg, kuwa ndiye aliyevujisha siri. Alishirikiana na fundi Thomas Tompion kutengeneza saa kwa ajili ya Mfalme Charles II ili kuthibitisha kuwa wazo lilikuwa lake, lakini ugomvi haukumpa ushindi alioutaka.

Ndipo alipotumia mbinu ambayo wanasayansi wa zama zake waliijua. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1676, aliiandika kanuni yake kwa maneno manne ya Kilatini, kisha akazipanga herufi zake 14 kwa mfuatano wa alfabeti. Hakuna aliyeweza kuzisoma, lakini yeyote ambaye angejitokeza baadaye kudai ugunduzi huo angeonyeshwa herufi hizo kuwa ushahidi kwamba Hooke alitangulia.

Mwaka 1678 hatimaye alifungua fumbo. Alieleza kwamba kadiri kitu kinavyovutwa ndivyo kinavyorefuka, kwa uwiano ule ule. Nguvu ikiongezwa maradufu, na urefu unaoongezeka huwa maradufu. Nguvu ikiondolewa, kitu hurudi katika umbo lake. Tabia hiyo ya kurudi ndiyo wanafizikia wanaiita unyumbufu.

Hakuishia kwenye springi. Alining'iniza waya mrefu wa chuma kwenye msumari, akaufunga sahani ya mizani chini, akaongeza uzito mmoja baada ya mwingine na kupima waya ulivyorefuka. Alipinda ubao mkavu. Akahitimisha kuwa metali, mawe, mbao, nywele, mifupa, hariri na hata kioo vyote vinaifuata kanuni hiyo moja. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu alikuwa akisema kwamba hata nguzo ya jiwe inayoonekana kutulia hubonyea kidogo chini ya mzigo, na kwamba mbonyeo huo unaweza kukokotolewa.

Kanuni hiyo ina mipaka. Chuma kikivutwa kupita kiwango chake hakirudi tena kilivyokuwa. Hubaki kimepinda, na mzigo ukizidi hukatika. Mpira nao huvutika bila kuufuata uwiano huo sawasawa. Hata hivyo, ndani ya mipaka yake, kanuni ya Hooke iliwafungulia njia waliofuata. Mwaka 1807 Mwingereza Thomas Young alieleza kipimo cha ugumu wa kila aina ya kitu dhidi ya kuvutwa, na katika miaka ya 1820 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy aliijenga hesabu kamili ya mkazo ndani ya vitu yabisi. Mhandisi anayepiga hesabu ya boriti ya ghorofa leo anatembea katika njia hiyo.

Lakini Hooke mwenyewe hakupata utulivu. Tangu mwaka 1672 alikuwa na uhasama na Isaac Newton, baada ya kuukosoa utafiti wa Newton kuhusu mwanga. Mwaka 1679 na 1680 waliandikiana barua kuhusu mwendo wa sayari, na Newton alipoandaa kitabu chake kikuu, kilichotoka mwaka 1687, Hooke alidai kuwa wazo la nguvu ya mvutano kupungua kwa kipeo cha pili cha umbali lilitoka kwake. Newton alighadhibika, akapunguza mahali alipomtaja.

Wanahistoria wengi wanakubali kuwa Hooke alikuwa na fikra hiyo, ila hesabu ya kuithibitisha ilikuwa ya Newton. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wa mtu huyu. Alianza mengi, akadai mengi, lakini machache aliyafikisha mwisho. Kazi ya kutoa majaribio kila wiki, kupima viwanja na kufundisha haikumwachia nafasi ya kukaa na jambo moja kwa miaka.

Mwaka 1687 alifiwa na Grace, binti wa kaka yake aliyeishi naye, na waliomfahamu walisema tangu hapo alizidi kujitenga na kuwa mwepesi wa hasira. Alipofariki, sanduku lilikutwa katika makazi yake likiwa na zaidi ya pauni 8,000, ingawa aliishi kama fukara. Alikusudia fedha hizo ziisaidie Jumuiya ya Kifalme, lakini hakutia saini wosia, zikaenda kwa ndugu. Alizikwa katika Kanisa la St Helen, Bishopsgate.

Miezi michache baadaye, Novemba 1703, Newton alichaguliwa kuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme. Mwaka 1710 mgeni kutoka Ujerumani aliandika kuwa ameiona picha ya Hooke katika ukumbi wa jumuiya hiyo. Mwaka huo huo jumuiya ilihamia jengo jingine, na picha haikuonekana tena. Wapo wanaomnyooshea kidole Newton, lakini ushahidi haupo. Mwaka 2003 ilidhaniwa kuwa sura ya Hooke imepatikana, kumbe picha ilikuwa ya mwanasayansi mwingine, Jan Baptist van Helmont.

Maandishi yake yalikuwa na bahati zaidi. Mwaka 2006 karatasi zaidi ya 500 alizoziandika kwa mkono, zikiwamo kumbukumbu za vikao vya Jumuiya ya Kifalme, zilikutwa kabatini katika nyumba moja ya Hampshire. Jumuiya ilizinunua kwa takriban pauni milioni moja kabla hazijapigwa mnada.

Kitabu kile cha mwaka 1676 kilikuwa na fumbo la pili, kuhusu umbo bora la tao la kubeba jengo. Hilo Hooke hakulifungua akiwa hai, na jibu lake lilichapishwa mwaka 1705, baada ya kifo chake. La springi alilitoa mwenyewe, kwa kuchelewa miaka 18, na katika yote aliyoyagombania ndilo ambalo dunia imemwachia bila mzozo.