Bibi Maria Montessori na Watoto Waliokatiwa Tamaa

Shule za watoto wadogo zenye jina la Montessori twazijua hata katika miji yetu. Ila si wengi wajuao kwamba kazi ile ilianza kwa watoto waliodhaniwa hawafundishiki.

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Mwaka 1896 alihitimu udaktari mjini Roma, jambo geni kwa mwanamke wa siku zile. Katika hospitali za wagonjwa wa akili alikuta watoto waliofungiwa humo kwa sababu walikuwa wazito wa kujifunza, nao hawakuwa na kitu chochote cha kushika wala kuchezea. Akasadiki kwamba walihitaji mwalimu kuliko dawa. Akasoma vitabu vya madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin, waliowahi kufundisha watoto wa namna hiyo.

Mwaka 1900 yeye na Dk. Giuseppe Montesano waliongoza shule Roma kwa ajili yao. Alikuwa pamoja na watoto tangu saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Palikuwa na msichana wa miaka 11 aliyeshindwa kabisa kushona. Bibi Montessori hakumlazimisha. Aliweka sindano kando, akampa vipande vya karatasi avipitishe juu na chini, kama asukaye mkeka. Alipozoea akarudishiwa sindano, na safari hii akaweza. Basi, mkono ulikuwa umekwisha tayarishwa! Kwa njia hiyo hiyo alichongesha herufi za mti, voweli nyekundu na konsonanti za buluu, watoto wazipapase kwa kidole kabla ya kushika kalamu.

Baadhi yao wakafanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walishangaa sana. Yeye alishangaa kwa jambo jingine: wale wenye afya njema walizuiwa na nini shuleni mwao hata wakalingana na wanafunzi wake? Swali hilo halikumpa raha. Aliacha shule ile mwaka 1901, akarudi chuo kikuu kusoma tena, akavinakili vitabu vya Itard na Séguin kwa mkono wake, akivitia katika Kiitalia.

Tarehe 6 Januari 1907 akafungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, akiwa na vifaa vile vile. Alifariki Uholanzi mwaka 1952.