Ndabaga, binti aliyejifunza silaha ili baba yake arudi nyumbani

Katika Rwanda ya wafalme, mwanamume aliyeitwa kwenye urugerero, yaani utumishi wa kijeshi kambini, alitarajiwa kubaki huko hadi mwanawe wa kiume aje kushika nafasi yake. Asiyejaaliwa mwana wa kiume alizeekea kambini. Ndivyo ilivyomkuta Nyamutezi, aliyeondoka nyumbani akimwacha mkewe mjamzito. Mtoto aliyezaliwa alikuwa msichana, naye ndiye Ndabaga.

Habari zake zimepokewa kwa mdomo, kizazi hadi kizazi, wala wasimulizi hawaafikiani aliishi zama za mfalme yupi. Kiini cha kisa, hata hivyo, hakibadiliki sana. Binti alikua bila kumjua baba. Alipopata akili alimwuliza mama yake, naye alipoelezwa sababu, aliazimia kujifunza mambo waliyofunzwa wavulana: kulenga kwa upinde, kurusha mkuki, na kuruka juu, mchezo ambao Wanyarwanda huuita urukiramende. Alijizoeza hadi akawa hodari kuliko wavulana wengi wa rika lake.

Lakini ustadi peke yake haukutosha. Ili apokewe kama mwana wa kiume, Ndabaga aliyaharibu matiti yake mwenyewe. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili upesi, ilhali hapa ndipo uzito wa kisa ulipo: mafunzo aliyamudu, bali mlango wa kambi haukuwa na nafasi ya mwanamke.

Alifika kambini, akajitambulisha kwa baba yake, akamshawishi arudi nyumbani. Mzee akaenda zake. Binti akabaki miongoni mwa askari, akiwashinda wengi kwa kulenga na kuruka. Sifa hizo ndizo zilizomponza. Wenzake walianza kumwonea shaka, kwani alipenda kujitenga nao. Wakamchunguza, siri ikafichuka, habari zikamfikia mfalme. Alipoitwa mbele yake, Ndabaga hakukana. Alieleza kwamba baba yake hakuwa na mtu mwingine wa kumpokea.

Mfalme hakumwadhibu. Inasimuliwa kwamba aliamuru wazee wasio na wana wa kiume waruhusiwe kurudi makwao. Wapo pia wasemao kwamba alimwoa. Huenda ni mazoea ya wasimulizi, ambao ni nadra kumwacha mwanamke shujaa bila kumpa mume. Hadi leo, jambo linapofikia upeo wa ugumu, Wanyarwanda husema limefika kwa Ndabaga.

Huku Rusizi, katika nchi iliyoitwa Kinyaga, kisa hiki si cha mbali. Kinyaga nayo iliingizwa katika mfumo wa majeshi ya ufalme, na jina la Impara, lililokuwa la jeshi, likabaki kuwa jina la sehemu ya eneo hili. Si vigumu kuwaza kwamba nyumba nyingi za hapa nazo zilimngoja baba.

Msichana wa Kamembe anayetaka kujifunza karate, judo au taekwondo leo halazimiki kuuficha mwili wake. Judo ya wanawake ilianza kutoa medali katika Olimpiki mwaka 1992, taekwondo mwaka 2000, na ndondi mwaka 2012. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili mjini, shirikisho la karate duniani liliruhusu hijabu katika mashindano yake tangu mwaka 2013. Kizuizi kilichosalia mara nyingi kimo nyumbani: hofu ya wazazi kwamba binti ataumia, atakosa mchumba, au atajifunza ukali. Nao mama wa Ndabaga, kwa jinsi kisa kinavyosimuliwa, hakumzuia.

Wanawake waliowahi kuwa askari nchini Rwanda walipoanzisha chama chao, walikiita Ndabaga.