Sergei Korolev: Mhandisi Aliyetumika Bila Jina

Jina la Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, lilienea duniani kote kwa siku moja. Lakini jina la mhandisi aliyeongoza kazi ya kuunda roketi na chombo kilichomchukua lilikuwa siri ya serikali. Mhandisi huyo ni Sergei Korolev, na maisha yake yana mafunzo makubwa kwa kila avaaye sare.

Korolev alizaliwa tarehe 12 Januari 1907 mjini Zhytomyr, Ukraine. Wazazi wake walitengana angali mdogo, akalelewa na babu na bibi yake. Akiwa na umri wa miaka 17 alikwisha kuchora ramani ya ndege isiyo na injini. Baadaye alisoma Moscow, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Andrei Tupolev, bingwa wa kuunda ndege. Mwaka 1931 alijiunga na Friedrich Tsander katika kikundi cha kuchunguza roketi, na tarehe 17 Agosti 1933 roketi yao ya kwanza ilipaa kiasi cha meta 400.

Ndipo msiba ulipomfika. Mwezi Juni 1938, wakati wa utawala wa Stalin, alikamatwa kwa shtaka la kuhujumu kazi ya taifa. Ushahidi ulikuwa maneno ya wenzake waliokwisha kukamatwa kabla yake, waliyoyatamka kwa mateso. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akapelekwa kuchimba dhahabu huko Kolyma, penye baridi kali isiyo na kifani. Njaa na maradhi vilimng'oa meno, vikaudhoofisha moyo wake. Mwaka 1940 aliwekwa katika gereza la wahandisi, akachora ndege za vita chini ya Tupolev, mwalimu wake, naye pia akiwa mfungwa. Aliachiliwa mwaka 1944.

Mwaka uliofuata alivikwa cheo cha kanali, akatumwa Ujerumani kuchunguza makombora ya V-2. Kutokana na elimu hiyo, yeye na wenzake waliendelea hatua kwa hatua mpaka wakaunda kombora R-7, lenye uwezo wa kuvuka mabara. Injini moja kubwa mno ilitikisika hata kupasuka. Kwa hiyo kila injini iligawanywa katika vyumba vinne vya kuchomea mafuta. Tena, kwa kuwa haikuwa hakika kwamba injini zingewaka mahali pasipo hewa, zote tano ziliwashwa pamoja zingali ardhini. Majaribio ya kwanza ya mwaka 1957 yalishindwa. Korolev hakukata tamaa. Alitafuta kosa, akalisahihisha, akajaribu tena, na tarehe 21 Agosti kombora likafika mbali kama ilivyokusudiwa.

Silaha hiyo ndiyo aliyoitumia kufungua njia ya anga. Tarehe 4 Oktoba 1957 ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, yenye uzito wa kilo 83.6. Tarehe 12 Aprili 1961 Gagarin aliizunguka dunia na kurejea salama katika muda wa dakika 108. Dunia ilimshangilia Gagarin. Korolev alitajwa kwa cheo tu, yaani Mbunifu Mkuu.

Alifariki tarehe 14 Januari 1966 akifanyiwa upasuaji, akiwa na umri wa miaka 59. Hapo ndipo magazeti yalipochapa jina lake na picha yake. Zaidi ya nusu karne baadaye, roketi za ukoo wa R-7 zilikuwa bado zikiwachukua wanaanga.

Askari na ajifunze hapa kwamba utumishi haupimwi kwa sifa. Na afisa wa polisi akumbuke kwamba ushahidi uliopatikana kwa kipigo si ushahidi. Serikali ilimsafisha Korolev na shtaka lile mwaka 1957. Lakini miaka sita ya kifungo haikurudi, wala afya yake. Taifa lilikaribia kumzika katika shimo la dhahabu mtu ambaye angelifikisha angani.